Pai Isiyo na Liki

Bega la kondoo limelala mezani tangu alfajiri,
limetema barafu, sasa linatoka jasho.
Nje mvua ya Machi inakuja kwa ubavu;
mvua ya bonde la Teifi haijui kunyesha wima.
Nawasha oveni. Natafuta kisu kikali,
nakikuta alipokiacha Gethin, chini ya gazeti la mnada.

Nakata vipande vya ukubwa wa dole gumba,
visiwe vidogo: pai si uji wa mgonjwa
(ingawa mgonjwa yupo, nitafika huko).
Chumvi, pilipili manga, unga kiasi cha kushikamana.
Sufuria nzito ikifuka moshi, natupia nyama kwa mafungu
na kuiacha.
Mama mkwe alinigonga vidole kwa mwiko:
"Usiichokonoe. Itakuambia yenyewe ikitaka kugeuzwa."
Nimerithi miiko yote miwili,
wa mti na wa maneno.

Karoti. Viazi. Tanipu la manjano, gumu kama kisigino.
Rosmeri niliyoivunja ukutani na umande wake.
Kisha liki tatu nene, nyeupe shingoni,
na hapo mkono ukasita.

Iolo Prydderch hali liki.
Mwelshi mzima, mzaliwa wa mlima huu!
Wenzake wanaivaa kifuani kwa sherehe, yeye anakunja pua.
Najua tangu darasa la pili,
alipozizamisha liki za supu ya shule mfukoni mwa kaptula
akashinda nazo, zikinuka, hadi kengele ya mwisho.

Mwaka na miezi miwili hatujasemezana naye.
Dume lake lilipita penye pengo la ua bila kualikwa,
na Januari, theluji ikifika magotini,
kondoo wetu wakaanza kuzaa nje ya majira.
Kumi na mmoja tuliwazika.
Gethin akasema neno. Iolo akajibu neno,
na neno lake likatembea hadi kaburini kwa baba mkwe.
Basi. Pengo likabaki pengo,
kila mtu akisubiri mwenzake alete nyundo.

Bega hili ni la mmoja wa waliopona.
Kwa hesabu ya damu, nusu yake ni ya Iolo.

Alhamisi Nesta wake alianguka ngazini.
Nyonga. Wamemlaza Aberystwyth.
Tangu hapo dirisha la jiko lao linawaka hadi saa nane za usiku,
na mwanamume yule, namjua, hawezi kukaanga hata yai.

Nachemsha maji na shahamu, namwaga katika unga,
nakanda ungali unaunguza viganja.
Unga wa namna hii haungoji mtu amalize kununa:
ukipoa, unapasuka.
Navika bakuli nne, najaza, nafunika,
nabana kingo kwa uma, napaka yai.
Tatu zina liki.
Ya nne naibandikia juu ukanda wa unga,
mstari mmoja uliosimama, herufi I,
kama nguzo ya ua.

Gethin akaingia na maji ya mvua na mbwa.
Akahesabu pai. Akauona ule mstari.
Akanawa mikono muda mrefu kuliko uchafu wake.
"Imepoa?"
"Bado."
"Basi naipeleka ingali moto."

Akaifunga kwa taulo la vyombo, akaitia ndani ya koti,
na mimi dirishani nikafuta mvuke kwa kiwiko nione.
Hakushika barabara.
Aliinama, akapita penye pengo.

Saa nzima na dakika ishirini.
Akarudi bila bakuli, ananukia makaa ya watu,
akavuta kiti, akakata yake.
"Kasemaje?"
Akatafuna. Akameza.
"Kasema chumvi imepungua."

Nikaonja yangu.
Kweli.